Taka za nyuklia na hatima ya kome

TANGU miaka ya 1950, kituo cha nyuklia cha Sellafield, Uingereza, kimekuwa kikimwaga majitaka yenye miale hafifu katika Bahari ya Ireland. Kome hunasa chembechembe hizo wanapochuja maji kujitafutia lishe, nao kamba mawe hulimbikiza mwilini teknesiamu-99, ambayo huchukua takriban miaka 211,000 kupungua kwa nusu.

Umwagaji wake uliongezeka kuanzia mwaka wa 1994, Ireland na Norway zikalalamika, hadi mbinu mpya ya kusafisha majitaka ilipoanzishwa mwaka wa 2004. Vipimo vya kila mwaka huonyesha kuwa walaji hawavuki kiwango cha kisheria cha milisivati 1 kwa mwaka. Hata hivyo, yaliyomwagika hayazoleki.