Ua Lililopigwa Vita: Jinsi Kichaka cha Uani Kilivyompeleka Mwalimu Mzee Jela Huko Korea

Kama uliangalia Squid Game ilipotoka mwaka 2021, yule mdoli mkubwa wa kike hujamsahau. Anageuka mgongo, anaimba kwa sauti ya kitoto, halafu ghafla anageuza kichwa. Atakayekutwa anatikisika, kwisha habari yake.

Walioangalia kwa tafsiri ya Kiingereza walisikia habari ya taa nyekundu na taa ya kijani. Kumbe kwa Kikorea mdoli hataji taa yoyote. Anachosema ni kwamba ua la mugunghwa limechanua. Basi, hicho tu. Watoto wa Korea wanayatumia maneno hayo kuhesabia kwenye michezo yao kwa sababu kwa Kikorea sentensi hiyo ina silabi 10 kamili. Badala ya kuhesabu moja mpaka kumi, unaisema mara moja na kumi imetimia.

Sasa, maneno hayo ambayo leo ni mchezo wa watoto yanataja ua ambalo kuna watu walifungwa kwa ajili yake. Yaani ua! Siyo bunduki, siyo baruti. Ua la kupandwa uani.

UA LENYEWE NI LIPI?

Mugunghwa ni haibiskasi. Siyo ile yenye majani ya kung'aa inayopandwa kama uzio kwenye nyumba nyingi za Afrika Mashariki, bali ndugu yake anayevumilia baridi kali. Wote ni ukoo mmoja mkubwa na bamia, pamba na choya. Ukiliangalia ua la bamia asubuhi, tayari umeona sura ya familia: petali tano, na katikati doa jekundu iliyokolea.

Wataalamu wanaliita Hibiscus syriacus, jina alilolitoa Linnaeus mwaka 1753. Ni jina la kupotosha, maana asili yake siyo Syria. Ni mmea wa Asia Mashariki uliosafiri kutoka bustani hadi bustani, na Wazungu wakadhani umezaliwa kule walikoukuta.

Maajabu yake ni haya: kila ua linaishi siku moja. Linafunguka alfajiri, jioni linajikunja, linadondoka. Lakini kesho yake mengine yamefunguka, na keshokutwa mengine, kuanzia Julai hadi kama Oktoba. Mti mmoja uliokomaa unatoa maelfu ya maua kwa msimu. Ndiyo maana Wakorea wakaliita mugunghwa, ua lisilo na mwisho. Linalopendwa zaidi ni jeupe au la waridi lenye kiini chekundu, na kiini hicho wao wanakiita moyo mwekundu.

Kwa karne nyingi lilikuwa ua la kawaida tu. Watu walilipanda kuzungushia nyumba, likawa uzio hai. Kwa Kiswahili mtu angesema lilikuwa ua la ua.

LILIANZAJE KUWA KESI?

Mwishoni mwa karne ya 19 Korea ilikuwa imebanwa na mataifa makubwa pande zote. Watu wakaanza kutafuta vitu vya kuwaunganisha: bendera, nyimbo, alama. Hapo ndipo mugunghwa ikaingia kwenye wimbo wa kizalendo, na maneno hayo yakaja kubaki kwenye kiitikio cha wimbo wa taifa unaoimbwa hadi leo Korea Kusini.

Mwaka 1910 Japani ikaimeza Korea moja kwa moja. Utawala huo ulidumu miaka 35. Mwaka 1919 Wakorea waliingia barabarani kudai uhuru, wakapigwa, wengi wakauawa na wengi wakafungwa. Kuanzia 1938 lugha yao ikaacha kuwa somo la lazima shuleni, na 1940 ukaja mpango wa kuwabana wabadilishe majina yao yawe ya Kijapani.

Kwenye hali hiyo hata bustani inakuwa siasa. Mfano mzuri ni kasri moja la wafalme pale Seoul, Changgyeonggung. Mwaka 1909, Japani ikiwa tayari ndiyo yenye sauti nchini, ndani ya kasri hilo ilifunguliwa bustani ya wanyama na ya mimea. Mwaka 1911 likabadilishwa jina, likaacha kuitwa kasri, likaitwa bustani. Ikapandwa miti mingi ya cheri, ua linalopendwa sana na Wajapani, na watu wakawa wanakwenda kuyaangalia usiku kwa taa. Makao ya mfalme yakageuka mahali pa kwenda kula raha wikiendi.

Mugunghwa nayo ikatungiwa uongo. Wakorea wanasimulia kwamba zilienezwa habari kuwa ukiliangalia sana macho yanakuwa mekundu, ukiligusa unatoka majipu. Si unajua maneno ya namna hiyo yanavyotembea? Mama akishasikia kwamba ua fulani linampa mtoto majipu, hasubiri uchunguzi. Analing'oa mwenyewe.

MZEE NA MICHE YAKE

Hapo ndipo anaingia mwalimu mmoja mzee. Hakuwa mtu wa hivi hivi. Alikuwa amesoma Kiingereza wakati Wakorea wanaokijua walikuwa wa kuhesabika, akafanya kazi serikalini enzi za wafalme, kisha mwaka 1898 akawa miongoni mwa walioanzisha gazeti kubwa mjini Seoul na kuliongoza. Nchi ilipochukuliwa akageukia ualimu kwenye shule ya wasichana. Huko ndiko wanafunzi wake walipotarizi ramani ya Korea kwa maua ya mugunghwa, kazi ya sindano ambayo kwa mtu asiyejua ni pambo la ukutani tu.

Mwaka 1918, afya yake ikiwa mgogoro, alihamia kijijini Hongcheon, mkoa wa Gangwon, sehemu ya milima. Akajenga kanisa dogo na kuanzisha shule. Na nyuma ya shule akaanzisha kitalu cha miche.

Kitalu hicho kilikuwa na akili. Serikali ya kikoloni ilikuwa inahimiza ufugaji wa nondo wa hariri, na viwavi wa nondo wale wanakula majani ya mforosadi. Kwa hiyo mwenye miche ya mforosadi hakuwa na kesi na mtu. Sasa mche mdogo wa mugunghwa ukiwa haujachanua, kwa mtu asiyejua miti, unafanana na wa mforosadi. Inasimuliwa kwamba mzee alichanganya. Shule, makanisa na watu binafsi wakawa wanapokea mizigo ya mforosadi, na ndani yake mna mugunghwa. Askari akipita anaona majani. Mwaka wa pili au wa tatu maua yanafunguka, na muda huo miche imeshasambaa vijiji chungu nzima.

Fikiria ilivyo vigumu kuzuia jambo la aina hiyo. Gazeti unaweza kulifunga. Wimbo unaweza kuupiga marufuku. Lakini mmea ambao kijiti kilichokatwa na kuchomekwa kwenye udongo wenye unyevu kinatoa mizizi, utauzuiaje? Mtu mmoja anampa jirani kijiti, jirani anampa shemeji.

NOVEMBA 1933

Mwisho wa siku polisi walijua. Novemba 1933 mzee huyo, akiwa na umri wa takriban miaka 70, alikamatwa pamoja na watu wengine wa shule na kanisa lake. Huko Korea tukio hilo mpaka leo linaitwa kesi ya mugunghwa. Miche iliyokuwa kitaluni iling'olewa na kuchomwa, na masimulizi ya huko yanataja makumi ya maelfu ya miche.

Alifungwa. Mwaka 1935 aliachiwa kwa sababu ya ugonjwa, mwili ukiwa umechoka kabisa. Alifariki mwaka 1939. Japani ilisalimu amri Agosti 1945. Yaani mzee alikosa kuuona uhuru kwa miaka sita.

Majina ya wale waliopokea miche, wakaimwagilia na kunyamaza polisi walipouliza, mengi hayakuandikwa popote. Mwanafunzi aliyebeba furushi la miche mgongoni, mke wa mkulima aliyeuficha mmoja nyuma ya banda: hao ndio waliofanya mpango mzima uwezekane. Mzee peke yake angebaki na shamba la miche isiyokwenda kokote.

Na mmea kuficha siri ya nchi haukuishia hapo. Mwaka 1936 kwenye Olimpiki ya Berlin, kijana wa Kikorea alishinda marathoni akiwa amelazimika kuvaa jezi ya Japani. Washindi walipewa mche wa mwaloni. Jukwaani akainamisha kichwa, akaushika mche ule kifuani ukaiziba bendera. Mkorea mwenzake aliyeshika nafasi ya tatu alikuja kusema kilichomuuma siyo medali ya dhahabu, bali kwamba mwenzake alikuwa na mche wa kujifunikia.

KICHAKA KUFANYWA MTI

Leo mugunghwa iko kila mahali Korea Kusini: kwenye nembo za serikali, kwenye nishani ya juu kabisa ya nchi, hata jina la aina moja ya treni. Na barabarani utaiona imesimama kama mti, shina moja lililonyooka na kichwa cha maua juu. Hapo kuna mkono wa mtu, kwa sababu ukiiacha yenyewe inapenda kutoa mashina mengi kutoka chini na kuwa kichaka.

Kazi yenyewe haihitaji utaalamu wa chuo, inahitaji subira ya miaka mitatu hivi. Unachagua mche wenye shina moja lililonyooka, unauchomekea kijiti pembeni na kuufunga kwa kitambaa laini, usiukabe. Matawi ya pembeni sehemu ya chini unayaondoa kidogo kidogo, siyo yote siku moja, maana majani yake ndiyo yanayolinenepesha shina. Shina likifika urefu unaoutaka, tuseme mita moja na nusu, unakata ncha. Hapo mmea unalazimika kutawanya matawi juu. Matawi hayo nayo unayapunguza yakirefuka, na baada ya misimu michache kichwa kimejaa.

Baada ya hapo adui mkubwa ni machipukizi yanayotoka mizizini. Ukiyaachia mwaka mmoja tu, mti unarudi kuwa kichaka. Yang'oe yakiwa machanga. Mmea unataka jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji. Vidukari wakivamia vichipukizi, maji ya sabuni kidogo yanawatosha.

Halafu kuna kupogoa, ambako wengi wanaogopa. Maua yanatoka kwenye matawi mapya ya mwaka huo, siyo ya zamani. Wakorea hupogoa mwishoni mwa majira ya baridi, kabla chipukizi hazijaamka. Anayeuonea huruma mti wake na kuacha kuukata anapata majani mengi na maua machache. Anayeukata vizuri anapata maua.

Mugunghwa yenyewe ni mmea wa nchi zenye majira ya baridi, kwa hiyo kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa mtu afadhali atumie haibiskasi ya kawaida. Mbinu ya shina moja ni ile ile, ila hiyo ya kawaida haiwezi baridi ya kuganda. Na Afrika Mashariki haijakosa wa kwake: ile haibiskasi yenye petali zilizochanwachanwa, inayoning'inia kwa kikonyo kirefu kama taa ya sherehe, asili yake ni pwani ya Kenya, Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Wengi wanaipita kila siku wakidhani imetoka ng'ambo.

WALIOBAKI

Mwaka 2011 Korea Kusini iliweka chini ya ulinzi wa taifa miti miwili mikongwe ya mugunghwa. Mmoja ulikuwa kisiwa cha Baengnyeong, karibu kabisa na Korea Kaskazini, mrefu zaidi ya mita 6. Dhoruba ziliupiga mara kwa mara, ukafa, ukaondolewa kwenye orodha. Mwingine uko Gangneung, kwenye mkoa ule ule wa Gangwon, una zaidi ya miaka 100. Ulikuwa umesimama hapo wakati kitalu cha mwalimu kinachomwa moto, na hakuna polisi aliyeugusa.

Kule Changgyeonggung, miaka ya 1980 wanyama walihamishwa, miti ya cheri ikatolewa, na mahali pale pakarudishiwa jina lake la kasri. Na watoto wa Korea, wakicheza, bado wanageuka ukutani, wanafumba macho na kuhesabu kumi kwa kutangaza kwamba mugunghwa imechanua. Miaka ya thelathini kulikuwa na watu wazima waliolazimika kuisema habari hiyo kwa kunong'ona.