Kabla hujachangia harambee ya Australia, pitia Rabai kwanza

Jumamosi hii kuna mkutano wa familia kwetu. Ajenda ni moja: ndugu yetu mwingine anataka kwenda kusoma Australia, na mjomba ameshafungua grupu la WhatsApp lenye picha ya ndege na bendera. Mimi nimepewa kazi ya kutengeneza posta na video fupi ya kuhamasisha watu wachange. Posta nimekubali. Video ndo imenikwama. Nimeanza mara tatu nikafuta, manake kila nikifungua mdomo najikuta naongea habari za mwaka 1864.

Wale mnaonifuata kitambo mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Sijawahi kueleza vizuri kwa nini. Haikuwa akili, wala haikuwa bangi kama jirani mmoja alivyosambaza. Ilikuwa hesabu. Mwaka ule dadangu, mtoto wa mama mkubwa, alipata nafasi ya kusomea uuguzi Perth, na wazee wakakaa chini wakaamua pesa ziende kwa mmoja. Kipande cha shamba kule Ganda kikauzwa, na minazi yake na mikorosho yake, shamba lenye hati, kitu ambacho familia nyingi hapa Kilifi bado zinakililia. Mimi nikaambiwa nivumilie kidogo, dada akishafika ndani ya miezi sita atanilipia karo. Sina kinyongo naye, na msimseme vibaya. Lakini ile miezi sita nimeizungusha kichwani mpaka ikanipeleka kusoma historia, somo ambalo shuleni nilikuwa nalala.

Sasa twende Rabai. Ukitoka Malindi ni mbali kidogo, lakini ni kaunti yetu hii hii. Wengi tunapajua kwa Krapf na Rebmann, wale wamishonari Wajerumani, kwa sababu mtihani uliwauliza hao. Ambao mtihani haukuwauliza ni vijana Waafrika walioletwa kuanzia mwaka 1864 kumsaidia Rebmann, aliyekuwa amebaki peke yake. William Jones. George David. Ishmael Semler. Majina ya Kizungu, ngozi kama yangu, na elimu ya Bara Hindi.

Yaani hivi: walikuwa watoto wa bara waliokamatwa wakauzwa utumwani. Manowari za Waingereza zilipokamata majahazi ya watumwa, watoto kama hao hawakurudishwa makwao, maana nani angejua kwao ni wapi. Wengi walishushwa Bombay. Kule karibu na mji wa Nasik, mahali panapoitwa Sharanpur, wamishonari wa CMS walikuwa na makao yenye shule, na watoto wakafundishwa kusoma, Kiingereza, uhunzi, useremala. Miaka ikapita, wakakua, wakarudishwa pwani ya Afrika Mashariki wakiwa mafundi na walimu. Kabla hujacheka neno langu, nawaita wasomi wa kwanza wa ng'ambo kwenye pwani hii kwa mtindo wa shule ya Kizungu. Nasema mtindo huo kwa sababu masharifu na masheikh wa Lamu na Mombasa walikuwa wakisafiri kutafuta elimu ya dini karne nyingi kabla, na hilo ni somo la siku nyingine.

Hakuna aliyechangiwa harambee hapo. Nauli yao ilikuwa kutekwa. Bili hata hivyo ilikuwepo, na ilikuja baadaye. Mwaka 1875 misheni ilipoanzisha kijiji cha Freretown pale Kisauni, kwa ajili ya watumwa walioachiliwa, Waafrika zaidi ya mia moja waliolelewa Bara Hindi walikuja kukiendesha. Wao ndio waliofundisha, waliofua chuma, waliotafsiri. Lakini mshahara wao ulikuwa chini ya wa Mzungu, na uamuzi wa mwisho ulikuwa wa Mzungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 malalamiko kuhusu viboko na adhabu za msimamizi wa kijiji yalifika mpaka kwa maofisa wa serikali ya Uingereza. Unafundishwa Biblia na hesabu, halafu aliyekufundisha anashangaa umejua kuhesabu.

Nikianza kusoma habari za Jacob Wainwright sichoki. Huyu naye alikuwa kijana wa Nasik. Alikuwepo Livingstone alipofariki mwaka 1873 kule ambako leo ni Zambia. Yeye ndiye aliyesoma ibada na kuchonga maandishi kwenye mti, na akaandika shajara ya safari ya kuuleta mwili pwani kwa miguu, miezi na miezi. Tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa London, ndani ya Westminster Abbey, akiwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Kisha akarudi huku, akafanya kazi za misheni, akafia Urambo, Tanzania ya leo, mwaka 1892. Siku moja uko mbele ya wakubwa wa Uingereza wote, siku nyingine uko Freretown unasubiri mshahara. Hiyo stori ya kurudi kutoka ng'ambo tunaiona mpya, kumbe ina zaidi ya miaka 150.

Ila Jones ndiye aliyenifanya nifute zile video.

Miaka hiyo Malindi ilikuwa na mashamba makubwa ya mtama na nafaka nyingine, na kazi ilifanywa na watumwa. Hapa tunapopiga picha za machweo, watu walilimishwa kwa nguvu. Waliotoroka Malindi, Takaungu na Mombasa walikimbilia sehemu kadhaa, na mojawapo ilikuwa Rabai. Rabai kwa muda ilikuwa mikononi mwa Jones. Wakubwa wa misheni walikuwa wameahidi kutohifadhi watoro, maana waliogopa ugomvi na wenye watumwa. Watu wakaingia hivyo hivyo, wakajenga, wakalima. Aliyekuwa mlangoni alikuwa mtu ambaye naye aliuzwa akiwa mtoto. Mwaka 1885 yeye na Semler wakapewa ushemasi na Askofu Hannington, na mwaka huo huo Jones akaandamana na Hannington kuelekea Uganda. Askofu aliuawa Busoga, na Jones ndiye aliyewarudisha pwani waliosalia.

Mwaka 1888 mambo yakachacha. Wenye watumwa walitishia vita, hesabu ikafanywa, na siku ya mwaka mpya, tarehe 1 Januari 1889, watoro zaidi ya 1,400 wakapewa karatasi za uhuru pale Rabai baada ya kampuni ya Waingereza kuongoza mpango wa kuwalipa mabwana. Soma tena hapo. Aliyelipwa fidia ni bwana. Mtumwa alipewa karatasi.

Basi nikajiuliza, elimu ya Jones ilikuwa ya nani? Misheni iliigharamia, kwa hiyo ilidhani ni yake. Lakini siku ilipofika aliitumia kwa watu waliotoka mashambani Malindi, ambao hawakuwahi kumchangia hata senti. Masharti hakuandika yeye, ila alipata upenyo.

Sasa ruka mpaka miaka ya 1950 na 1960, kwa sababu hapa ndipo picha iliyo kichwani mwa mjomba ilipochorwa. Ronald Ngala, mtu wetu wa Kilifi, mwalimu wa Kaloleni, alipita Makerere, akaenda kusoma Bristol, akarudi, akawa kiongozi wa KADU na baadaye waziri. Mwaka 1959 Tom Mboya akapakia wanafunzi 81 kwenye ndege moja kwenda Marekani, na mpaka mwaka 1963 walikuwa wameondoka karibu 800. Wangari Maathai alikuwa mmoja wao, mwaka 1960. Vijiji vilichanga, lakini upande wa pili kulikuwa na mtu wa kulipa: chuo, wafadhili, serikali. Kenya ilikuwa inahitaji makarani, madaktari na mabalozi wa kushika nafasi za Wazungu. Ukirudi na cheti, kiti kinakungoja. Kwa hiyo mjomba akisema "serikali imemchukua", hadanganyi. Anaongea Kiswahili cha mwaka 1962.

Na Australia ilikuwa wapi wakati huo? Ilikuwa imefunga mlango. Mwaka 1901 walipitisha sheria ya uhamiaji iliyoruhusu ofisa kumpa mgeni mtihani wa imla, maneno 50, kwa lugha ya Ulaya ambayo ofisa mwenyewe amechagua. Angekuja William Jones na Kiingereza chake safi, angeweza kusomewa Kijerumani. Mwaka 1934 mwandishi mmoja wa Ulaya aliyejua lugha kibao, Egon Kisch, walimpa mtihani kwa Kigaeli cha Uskoti ili mradi afeli. Nilicheka, halafu nikakumbuka watu wa hapa wanaorudia mtihani wa Kiingereza mara tatu kwa ajili ya viza, nikanyamaza. Imla hiyo iliondolewa mwaka 1958, na ubaguzi wa rangi kwenye uhamiaji ukafutwa rasmi mwaka 1973.

Kabla ya hapo walikuwa wameanza kupokea wanafunzi wa Asia kwa mpango wa Colombo, na miaka ya 1960 wakaongeza nafasi za msaada kwa nchi za Afrika za Jumuiya ya Madola. Mwaka 1974 wakafuta kabisa karo za vyuo vikuu. Hiyo ndiyo Australia ambayo mjomba angeipenda. Haikudumu. Mwaka 1979 serikali ikatangaza tozo kwa wanafunzi wa kigeni, mwaka 1985 vyuo vikaruhusiwa kuwatoza wageni ada kamili, na kuanzia mwaka 1990 ikawa hivyo kwa kila mgeni mpya asiye na ufadhili. Leo elimu ya wageni ni moja ya vitu vikubwa ambavyo Australia inauzia dunia, ikifuata madini ya chuma, makaa ya mawe na gesi. Mwanafunzi ni mteja, bana. Na ajenti anayewaletea mzee na mama vipeperushi vizuri, mara nyingi analipwa na chuo kwa kila kichwa.

Tazama namba zenyewe. Ombi la viza ya mwanafunzi lilikuwa dola 710 za Australia, Julai 2024 likapanda mpaka 1,600, na Julai 2025 likafika 2,000. Ukinyimwa, hurudishiwi. Tangu Mei 2024 unatakiwa uonyeshe una dola 29,710 za kujikimu mwaka mmoja, kama shilingi milioni 2.5 hivi, mbali na ada na nauli. Masomo yakiendelea, unaruhusiwa kufanya kazi saa 48 tu kwa wiki mbili. Piga hesabu ya ile ahadi ya miezi sita sasa.

Dadangu anafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulea wazee. Tofauti ya saa ni tano, kwa hiyo mimi nikiwa nala chakula cha jioni yeye anaingia kazini. Siku moja alinitumia video ya pwani ya Perth. Bahari ni ile ile, Bahari Hindi, ila kwake jua linazama majini na kwetu linatoka majini. Nyuma ya video analia kimyakimya, anadhani upepo umeficha sauti. Alikuwa amepata barua ya ada ya muhula. Karo yangu haikuwahi kuja. Ile pesa aliyobana ililipa matibabu ya bibi, na bado mama mkubwa huulizwa msikitini mbona hajajenga.

Miaka michache iliyopita wazazi wa Uasin Gishu walitoa pesa kwa mpango wa kaunti yao wa kupeleka vijana Finland na Kanada, na mwaka 2023 tukawaona barabarani wakidai pesa zao. Watu walisema ni wajinga. Siamini. Walikuwa na picha ile ile ya mjomba: ofisi yenye muhuri ikisema "tutampeleka", basi kuna anayelipa.

Mimi sipingi mtu kwenda. Ningepewa nafasi leo ningepaki begi usiku huu. Ninachotaka Jumamosi ni tuongee kama wanunuzi: ada ya miaka yote, si ya muhula wa kwanza, nani anadaiwa akikwama, na anayebaki nyumbani anapata nini kwa maandishi. Nilimpigia dada nikamwambia naogopa kuonekana nina wivu. Akacheka, akanitumia picha ya barua yake ya ada, akasema niitumie, nifiche tu jina.

Posta nimeshamaliza. Ile ndege nimeiacha, bendera nimeitoa. Pale chini ambapo mjomba alitaka niandike "Amechukuliwa na serikali ya Australia", nimeweka ada ya mwaka mzima kwa shilingi, halafu namba ya M-Pesa.