Matofali ya Tuskegee na Pamba ya Togo

Sisi walimu huona jambo hili mara kwa mara: mwanafunzi ambaye shambani mwa shule huinua jembe kama mgonjwa, akirudi nyumbani huamka alfajiri kupalilia bustani yake mwenyewe. Wengi husema, “Watoto hawa ni wavivu.” Lakini mtoto ni yule yule, na jembe ni lile lile. Basi tofauti imetoka wapi? Habari za kale zaweza kutujibu.

Tuskegee ni mji mdogo katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Utumwa ulipokwisha kukomeshwa huko mwaka 1865, watu weusi walitamani sana elimu. Lewis Adams, mfua bati aliyekuwa mtumwa zamani, pamoja na George Campbell, mfanyabiashara aliyewahi kumiliki watumwa, waliomba wapelekewe mwalimu. Akaja kijana Booker T. Washington, ambaye naye alizaliwa utumwani, na tarehe 4 Julai 1881 akaifungua shule kwa wanafunzi 30. Serikali ya jimbo ilitoa dola 2,000 kwa mwaka, lakini zilikuwa za mishahara ya walimu tu. Kiwanja hakikuwapo, wala nyumba.

Washington akakopa dola 250 kwa mtunza hazina wa chuo cha Hampton, alikosoma yeye mwenyewe, akaanza kulipia shamba la zamani lenye eka 100 hivi, ambalo bei yake ilikuwa dola 500. Alipowaambia wanafunzi kwamba watafyeka msitu, walinung’unika. Wengi wao walikuwa wamekwisha kufundisha shuleni, nao waliona haya kushika shoka. Kwao kazi ya mikono ilikuwa alama ya utumwa. Washington hakubishana nao sana. Alitwaa shoka akatangulia msituni. Walipomwona mkuu wao haogopi wala haoni haya, wakamfuata, na kila siku baada ya masomo wakafyeka, hata wakapata eka 20 hivi za kulima.

Kisha walitaka kujenga, na mjini hapakuwa na mtu wa kufyatua matofali. Wakachimba udongo, wakisimama matopeni hadi magotini. Tanuru la kwanza, lenye matofali kama 25,000, liliharibika. La pili likaharibika vile vile. La tatu lilikuwa karibu kuiva baada ya kuchomwa muda wa juma zima, likaanguka usiku. Hapo fedha zilikuwa zimekwisha. Washington akaenda Montgomery, akaiweka saa yake rehani kwa dola 15, akarudi kuanza tanuru la nne. Hilo likafaulu. Saa yenyewe hakuweza kuikomboa tena.

Matofali yalikuwa mema, hata Wazungu wa jirani, wengine wasioipenda shule, wakaja kuyanunua. Washington asimulia katika kitabu chake cha mwaka 1901 kwamba kwa muda wa miaka 19 shule ilipata majengo 40, na isipokuwa manne, yote yalijengwa kwa mikono ya wanafunzi. Tena vijana wengi waliojifunza kufyatua hapo walikwenda kuifanya kazi hiyo sehemu nyingine za kusini. Waliokosa ada walifanya kazi saa 10 mchana na kusoma saa 2 usiku, na ujira wao uliwekwa akiba, uwalipie chakula watakapoingia masomo ya mchana. Na mwanafunzi mgeni akitaka kuchora ukuta kwa kisu, mwenyeji alimkataza, maana ukuta ule aliujenga yeye.

Si kwamba Washington hakuwa na wapinzani. Mwaka 1903 mtaalamu W. E. B. Du Bois aliandika kwamba kuwasifia watu weusi kazi za mikono, huku wakinyamazishwa juu ya haki ya kura na elimu ya juu, ni kuwafunga. Neno hilo lilikuwa na kweli ndani yake, nayo ilionekana Afrika.

Mwishoni mwa mwaka 1900 watu wanne wa Tuskegee, wakiongozwa na James Calloway, walisafiri kwenda Togo, iliyotawaliwa na Wajerumani, ili kufundisha ukulima wa pamba. Walikuwa mabingwa, na bidii hawakuikosa. Mwaka 1904 ikafunguliwa shule ya pamba mjini Notsé. Lakini wanafunzi hawakuja kwa hiari. Walikusanywa na wakuu wa wilaya, wakawekwa huko miaka mitatu. Pamba ilitakiwa na viwanda vya Ujerumani. Waewe walikuwa wakulima wa pamba tangu zamani, wakiipanda pamoja na mazao ya chakula. Sasa walifundishwa kuiacha desturi iliyowalisha. Ujuzi ulikuwa ule ule wa Tuskegee, ila umiliki haukuwapo.

Hata huku kwetu, mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ilianza kuwalazimisha watu wa pwani ya kusini kulima mashamba ya pamba ya pamoja, kwa malipo hafifu mno. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling’oa mimea ya pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Je, Wamatumbi walikuwa wavivu? Hasha! Mashamba yao wenyewe waliyalima vizuri.

Ndugu walimu, kabla ya kumwita mtu mvivu, tuulize maswali mawili. La kwanza: kazi ikifaulu, faida ni ya nani? La pili: tanuru likianguka, hasara ni ya nani? Tuskegee mkuu alipoteza saa yake, na wanafunzi wakapata ukuta wao. Togo na Umatumbi mkulima alibeba hasara, na faida ikapanda meli.

Basi yafaa maharagwe ya shule yakivunwa, watoto wahesabiwe magunia mbele ya macho yao, waambiwe yamekwenda wapi, na sehemu iwe yao. Mwalimu naye awe na jembe lake shambani.