Harufu ya Moshi

Mwezi uliopita, kwenye kikundi chetu cha vijana hapa Kyangwali, msichana mmoja aliingia akakaa mbele. Wawili nyuma yake wakaziba pua. "Ananuka moshi!" Watu wakacheka, na mimi kiongozi wao nikacheka kidogo. Jamani, nani hapa hapiki kwa kuni? Wiki iliyofuata hakuja.

Nilimweleza mzee jirani yangu, Mbira wa upande wa Mambasa, ambaye ujanani aliwinda pamoja na Wambuti. Akatikisa kichwa. "Kule kwetu, mutu asiye na moshi ndiye alirudi bila nyama."

Basi nikakaa, akanisimulia.

Katika msitu wa Ituri, Wambuti waliokaa karibu na Wabira waliwinda kwa nyavu zilizosokotwa kwa kamba za mmea unaoitwa kusa. Kila mwanaume mwenye familia alileta wavu wake, wakaziunga kama nusu duara. Wanawake na watoto wakapiga kelele kuwafukuza wanyama kuelekea kwenye nyavu. Waefe, jirani za Walese, walitumia zaidi uta. Mmoja anapanda juu karibu na mti unaoangusha matunda, anangoja kimya, hata saa nzima.

Windo kubwa lilikuwa mboloko, yule paa mdogo wa kilo 5 hivi. Msituni kumefunga majani, jicho halifiki mbali. "Mboloko anakuona kwa pua," mzee alisema.

Kwa hiyo kabla ya kutoka waliwasha moto chini ya mti, wakaweka majani mabichi ili moshi uwe mzito. Wawindaji wakasimama ndani yake, wakageuka huku na huku, mikono juu. Nyavu nazo zikapitishwa, maana zinabeba jasho la mikono. Moshi wa kambi mnyama ameuzoea. Jasho la mtu ndilo linalomkimbiza. Halafu mmoja anapuliza majivu kidogo hewani kuona upepo unaenda wapi, kwa sababu upepo ukikusaliti, hata moshi haukuokoi.

Mwingereza Colin Turnbull, aliyeishi na Wambuti karibu na Epulu miaka ya 1950, aliandika juu ya moto huo wa uwindaji katika kitabu chake The Forest People cha mwaka 1961. Yeye aliuona kama njia ya kuomba baraka ya msitu, ambao Wambuti wanauita baba na mama. Nilimuuliza mzee, sasa ni kusalimia msitu au ni kuficha harufu? Akanijibu: "Moto moja, kazi mbili. Shida iko wapi?"

Kisha akanyamaza. Nilidhani amechoka.

"Vita ikaja," akasema. Ni ile ya Ituri, ya 1999 mpaka 2003. Watu wenye bunduki wakaingia msituni, nao hawakutafuta kwa pua. Walitazama juu ya miti, na palipopanda moshi wakajua pana watu. Moshi uliowaficha kwa mnyama ukawaonyesha kwa binadamu. Familia zikala mihogo mibichi, zikalala bila moto. Mzee alivumilia vita ile. Ni vurugu mpya za mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018 zilizomvusha Ziwa Albert kwa mtumbwi, pamoja na maelfu wengine.

"Usiku wa kwanza huku Uganda," aliniambia, "nilikoka moto mukubwa, bila kuogopa. Nikanuka moshi mpaka asubuhi. Nilifurahi sana."

Siandiki haya ili mtu aende kuwinda, hapa hairuhusiwi. Ninawaandikia vijana wangu, na ninyi mnaofanya kazi ofisini mkifungua madirisha tukiingia. Harufu hiyo maana yake nyumbani kwetu jana palipikwa, na hakuna aliyelazimika kuuzima moto.

Jumamosi nilikwenda kwa yule msichana, nikaomba radhi mbele ya mama yake. Mama alikuwa jikoni, anapuliza kuni. Nilikaa mpaka chai ikaiva. Nilirudi nanuka.