Kutoka Boi hadi Meneja: Historia ya Kazi ya Hoteli Afrika Mashariki

Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, kumlaza mgeni kulikuwa shughuli ya kibiashara karne nyingi kabla ya hoteli ya kwanza kujengwa. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita pwani hii mwaka 1331, alieleza namna vyombo vilivyopokewa Mogadishu. Chombo kikikaribia bandari, vijana wa mji walikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa mfanyabiashara mmoja sahani yake na kutangaza kwamba huyo ni mgeni wake. Kuanzia hapo mfanyabiashara alilala kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye aliyemwuzia bidhaa zake na kumnunulia alichotaka. Mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akiuziana naye mwenyeji hayupo, biashara hiyo haikutambuliwa.

Pepo za msimu ndizo zilizoulazimisha utaratibu wa namna hii. Majahazi ya Uarabuni, Ghuba na India yalishuka na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, na hayakuweza kurudi mpaka kusi ivume. Manahodha na wafanyabiashara walikaa wiki na miezi nchi kavu, wakihitaji chakula, ghala, mkalimani na mtu wa kuwadhamini. Nyumba za mawe za Lamu zinaonyesha jinsi mgeni alivyopangiwa nafasi yake: daka lenye mabaraza mlangoni, na chumba cha wageni kiitwacho sabule, kilichotengwa na vyumba vya ndani vya familia. Faida ya mwenyeji haikuwa katika kodi ya kitanda bali katika biashara aliyoifanya kwa niaba ya mgeni. Kazi za kupika, kuchota maji na kufua zilifanywa kwa sehemu kubwa na watumwa, na hilo halifai kufichwa. Ukarimu wa mjini ulikuwa na mwenyeji mmoja aliyeheshimiwa na mikono mingi ambayo haikutajwa, na mgawanyiko huo ulidumu katika kazi hii kwa muda mrefu mno.

Karne ya 19 ilileta aina nyingine ya utumishi. Wazungu walioingia bara kutokea Zanzibar na Bagamoyo waliajiri wapagazi na askari, na pamoja nao wapishi na watumishi wa hema. Mtumishi wa hema alitandika kitanda, alichemsha maji ya kuoga, alifua na kuandaa meza; mpishi aliendesha jiko zima juu ya mafiga matatu popote msafara ulipolala. Hizo ndizo kazi ambazo hoteli zilikuja kuzigawa katika idara zake. Waliozifahamu walikuwa watu wa pwani na wapagazi waliozoea safari, wala hakuna shule iliyowafundisha.

Hoteli za kisasa zilifuata reli. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na Ziwa Victoria mwaka 1901. Treni za mwanzo hazikuwa na behewa la chakula, kwa hiyo abiria walishuka kula katika nyumba za kupumzikia zilizojengwa kandokando ya njia, kama ile ya Voi. Mfano wa nyumba hizo uliletwa kutoka India, ambako serikali ya kikoloni ilizijenga kwa ajili ya wasafiri na watumishi wake. Pamoja na mfano walikuja watu wenye ujuzi. Wagoa, ambao wengi wao walikuwa Wakatoliki wanaojua vyakula vya Kizungu na uandishi wa hesabu, walishika upishi, maduka ya mikate na vinywaji, na madawati ya makarani. Mchango wao katika historia ya hoteli za eneo hili ni mkubwa kuliko unavyotajwa.

Nairobi, mji uliozaliwa na reli, ulipata hoteli zake haraka. Mayence Bent alianzisha Hoteli ya Stanley mwaka 1902, na Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi ya mwaka 1904. Dar es Salaam, Wajerumani walijenga Kaiserhof, ambayo baada ya wao kuondoka ilikuja kuitwa New Africa. Hoteli hizi zilikuwa za Wazungu kwa wamiliki na kwa wageni. Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma, akavaa kanzu nyeupe, kofia nyekundu ya tarbushi na mshipi kiunoni, akahudumu mezani. Kanzu ilikuwa vazi la waungwana wa pwani, la msikitini na barazani. Kuligeuza sare ya wahudumu wa meza lilikuwa tendo dogo lenye maana kubwa: lilimpa mgeni picha ya mashariki aliyoitazamia, na likamwondolea mvaaji hadhi ambayo vazi hilo lilikuwa nayo mtaani kwake.

Ngazi ya vyeo ilipangwa kwa rangi. Juu kabisa alikaa Mzungu, mara nyingi mwenye hoteli mwenyewe au mkewe. Katikati walikuwa Wagoa na Wahindi wengine: karani, mtunza stoo, mtunza fedha, mpishi mkuu. Chini walikuwa Waafrika, nao pia walikuwa na daraja zao, kuanzia mtoto wa jikoni aliyeosha sufuria, dobi, mfagizi na mhudumu wa vyumba, hadi mpishi na msimamizi wa wahudumu wa meza. Mtu angeweza kupanda ndani ya kundi lake, lakini si kuvuka kwenda la pili. Hapo ndipo Afrika Mashariki ilipotofautiana na Ulaya ya wakati uleule. César Ritz, aliyezaliwa mwaka 1850 katika familia ya wakulima wa Uswisi, alianza kama mwanagenzi wa uhudumu wa meza. Mwaka 1889 alikuwa akiendesha Savoy ya London, na mwaka 1898 alifungua hoteli yenye jina lake mjini Paris. Mhudumu wa Norfolk aliyekuwa na kipaji kama hicho alizeeka akiitwa boi.

Ujuzi ulipatikana nyumbani kwa watu. Kijana aliajiriwa na familia ya Kizungu, akajifunza kupiga pasi, kupanga visu na uma, na kupika supu na keki kwa kuangalia na kukariri, mara nyingi bila kujua kusoma. Akiondoka alipewa barua ya tajiri wake inayoeleza tabia na uwezo wake, na barua hizo alizihifadhi kwa uangalifu, kwani ndizo zilizomfungulia mlango wa hoteli. Zilikuwa hati hatari pia, kwa sababu mwenyewe hakuweza daima kusoma kilichoandikwa. Nchini Kenya, mfumo wa kipande ulioanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ulizidi kumbana: kumwacha tajiri bila ruhusa yake lilikuwa kosa la kisheria. Na karibu wote katika kazi hii walikuwa wanaume. Katika miji ya kikoloni upishi, ufuaji na utandikaji wa vitanda zilikuwa kazi za wanaume. Wanawake walichukuliwa zaidi kuwa yaya.

Wafanyakazi wa hoteli na wa majumbani waliendelea kuhesabika kundi moja, na pamoja ndivyo walivyodai haki zao. Januari 1947, mgomo mkuu wa Mombasa uliohusisha watu wapatao 15,000 ulianzia bandarini na relini, ukaenea hadi hotelini na majumbani, hata wenye nyumba wakajikuta wanajipikia. Dar es Salaam, chama cha wafanyakazi wa majumbani na hotelini kiligoma Desemba 1956. Undugu huo umebaki katika vyama vya leo: KUDHEIHA nchini Kenya na CHODAWU nchini Tanzania vyote vinawaunganisha wafanyakazi wa hoteli na wa majumbani chini ya paa moja. Kwa anayetaka kuelewa kwa nini mshahara wa hotelini umechelewa kupanda, historia hiyo inaeleza mengi, kwani kazi iliyoanza kama utumishi wa nyumbani iliendelea kulipwa kama utumishi wa nyumbani.

Uhuru ulifungua swali la nani ataendesha hoteli, na nchi jirani zililijibu kwa njia tofauti. Tanzania ilifungua Hoteli ya Kilimanjaro mwaka 1965 ikiwa mali ya umma. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Shirika la Utalii la Tanzania lilianzishwa mwaka 1969, likajenga hoteli katika mbuga za kaskazini, miongoni mwake Lobo iliyojengwa juu ya miamba ya Serengeti. Lakini mwaka 1970 mjadala mkali ulizuka katika gazeti la The Standard la Dar es Salaam. Vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, waliuliza kama nchi ya ujamaa inaweza kuweka matumaini yake katika kuwahudumia matajiri wa kigeni, na kama kazi hiyo haiwarudishi Waafrika katika unyenyekevu wa kikoloni. Waliotetea utalii walitaja fedha za kigeni na ajira. Msomi Issa Shivji alikusanya hoja hizo katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1973, nazo bado zinasomeka kama za jana. Wapinzani waliona kwa usahihi kwamba tatizo lilikuwa ni uhusiano kati ya anayehudumu na anayehudumiwa. Walichokosa kukipa uzito ni kwamba uhusiano huo hubadilika mhudumu anapokuwa na elimu, mkataba na njia ya kupanda cheo.

Kenya ilichukua njia ya mtaji wa kigeni na mafunzo ya wenyeji. Mwaka 1969 Hilton na Inter-Continental zilifunguliwa Nairobi, na hoteli za ukubwa huo haziwezi kuendeshwa na mwenye nyumba na mkewe. Zilihitaji watu wa mapokezi, wasimamizi wa vyumba, wahasibu wa vyakula na vinywaji, mafundi na wapishi wa kila daraja, na kuwaleta wote kutoka Ulaya kulikuwa ghali mno. Jibu lilikuwa Chuo cha Utalii, kilichofunguliwa mwaka 1975 kando ya barabara ya Thika kwa msaada wa Uswisi. Uswisi ndiyo nchi ya Ritz, tena ndiyo nchi ambamo shule ya hoteli ya Lausanne ilianza kufundisha mwaka 1893.

Ubora wa wazo hilo ulikuwa katika namna lilivyogharimiwa. Hoteli na mikahawa iliwekewa tozo ya mafunzo, ambayo kwa muda mrefu imekuwa asilimia 2 ya mauzo, na fedha hizo zikakilisha chuo. Kwa hiyo kila mgeni aliyelipia chumba au chakula alichangia kumsomesha atakayemhudumia mgeni wa kesho. Ndani ya chuo kulijengwa hoteli halisi yenye wageni wanaolipa, na wanafunzi wakazungushwa jikoni, mezani, vyumbani na mapokezi. Kozi za cheti zilitoa mafundi wa idara moja moja. Stashahada ya uendeshaji wa hoteli ilimwandaa meneja. Wanafunzi walikuja pia kutoka nchi nyingine za Afrika. Sasa kijana wa Kiafrika aliweza kuingia hotelini akitokea darasani badala ya jikoni kwa mtu, akiwa na karatasi anayoweza kuisoma mwenyewe. Katika historia nzima ya kazi hii hakuna badiliko lililokuwa na uzito kama hilo.

Tanzania nayo ilikuwa na chuo chake cha hoteli na utalii tangu mwaka 1969, ambacho leo ni Chuo cha Taifa cha Utalii, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ikaja kufundisha hoteli na utalii Njiro, Arusha. Hoteli za shirika la umma zilidhoofika pamoja na uchumi wa miaka ya 1980, na katika muongo uliofuata nyingi zilikabidhiwa kampuni binafsi, kukawa na mahitaji mapya ya watu waliofunzwa.

Zanzibar iliingia katika utalii kwa kasi kuliko ilivyoandaa watu wake. Bei ya karafuu iliposhuka na biashara ikafunguliwa katikati ya miaka ya 1980, hoteli zilianza kujipanga katika fukwe za Nungwi, Paje na Kiwengwa. Kazi nyingi zilichukuliwa na watu wa Tanzania Bara na Wakenya wenye vyeti na Kiingereza. Wazazi vijijini walisita kuwaruhusu watoto wao, hasa mabinti, wafanye kazi mahali panapouzwa pombe, penye mavazi ya ufukweni na zamu za usiku. Wanawake wengi walichagua kilimo cha mwani kilichoanza wakati huohuo. Chuo cha utalii cha Maruhubi, ambacho sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilianzishwa ili kuziba pengo hilo. Pwani ya Kenya ilikuwa na kinyongo cha aina hiyohiyo juu ya ajira kwenda kwa watu wa bara, na ghasia za Likoni, Mombasa, za Agosti 1997, ambazo kinyongo hicho kilichangia kuzichochea, ziliwafukuza watalii na kuwaachisha kazi wenyeji na watu wa bara kwa pamoja.

Ngazi ya leo ina njia kadhaa. Njia ya mapokezi na ya chakula na vinywaji ndizo zinazomfikisha mtu haraka kwenye umeneja, kwa sababu zinamweka karibu na mgeni na karibu na mapato. Njia ya jiko hupanda hadi mpishi mkuu, na mara nyingi huishia hapo, ingawa mpishi mkuu hodari huweza kulipwa vizuri kuliko wasimamizi wengi. Njia ya vyumba, ambamo wanawake wameingia kwa wingi tangu miaka ya 1970, hupanda polepole, na hilo ni kosa la sekta yenyewe, maana vyumba ndivyo vinavyouzwa. Chini ya ngazi zote wako vibarua wa msimu, wanaoajiriwa Julai na kuachishwa masika yakianza, wakitegemea bakshishi kuongeza mshahara.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege, hata wenye ajira za kudumu waligundua udhaifu wa nafasi zao. Inter-Continental ya Nairobi ilifungwa mwaka huo, na Hilton ikafuata mwishoni mwa 2022. Wengine waliotoka walifungua gesti, vibanda vya chakula na nyumba za kupangisha kwa siku. Wengine walikwenda Dubai na Doha, ambako hoteli zilikuwa zikiajiri kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2022. Huko Ghuba cheti kutoka Nairobi au Dar es Salaam humpa mtu nafasi ya kuanzia mapokezi au kwenye jiko la hoteli kubwa. Asiye na cheti huanza kwa kufua mashuka.