Kampeni za uchaguzi Masisi na Walikale: sifa, uzoefu na busara ya wagombea

Masisi na Walikale ni wilaya mbili kati ya sita za jimbo la Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Masisi ni nchi ya milima na malisho iliyosongamana watu. Walikale, kubwa kuliko wilaya zote za jimbo, ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, nyingi zikiwa msitu. Makala hii inaeleza jinsi wanaoomba kura huko, tangu uchaguzi wa 2006, wanavyoonyesha kwamba wanafaa, na jinsi wapiga kura wanavyoipima hoja hiyo.

Kwa maandishi, masharti si mazito. Katiba ya 2006, ibara ya 102, inamtaka mgombea wa ubunge awe Mkongomani, awe ametimiza miaka 25 na asiwe amenyang'anywa haki zake za kiraia. Sheria ya uchaguzi, iliyorekebishwa mara kadhaa, ikaongeza suala la masomo na uzoefu wa kazi. Ndiyo sababu mabango ya kampeni yamejaa vyeo vya shule: daktari, mhandisi, mwalimu, wakili. Lakini kura hupigiwa mtu mmoja kwa jina, picha na namba yake, hata akiwa ndani ya orodha ya chama. Hivyo mgombea hushindana pia na wenzake wa orodha moja, na programu ya chama haimsaidii kujitenga nao. Kinachobaki ni maisha yake mwenyewe.

Kigezo cha kwanza kinachotajwa mkutanoni ni kuwa mtoto wa kwetu. Masisi neno hilo lina uzito wa historia. Kati ya 1937 na 1955 utawala wa Kibelgiji ulihamishia huko maelfu ya watu kutoka Rwanda; baadaye sheria ya uraia ya 1981 ikawatilia shaka wengi wa wazao wao, na Machi 1993 mauaji yaliyoanzia soko la Ntoto, Walikale, yakasambaa hadi Masisi. Sheria ya 2004 ilipanua tena mlango wa uraia, ila swali la nani mwenye nchi halikwisha. Mgombea Muhunde, Muhutu au Mtutsi Masisi, Munyanga, Mukano au Mukumu Walikale, anaposema anaijua shida ya watu wake, wasikilizaji huelewa pia ni watu gani anaowasema na ni shamba la nani atakalolitetea. Si haki kuuita huo ukabila mtupu. Mahali ambapo hati za ardhi ni chache na mahakama iko mbali, mbunge ni mmoja wa wachache wanaoweza kufikisha kesi ya kijiji Goma, makao makuu ya jimbo, au Kinshasa, na mtu huangalia mlango upi utamfungukia.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba uzoefu hauna mahali pa kujaribiwa. Msimamizi wa wilaya huteuliwa. Usheferi wa Bahunde na wa Bashali hurithiwa. Uchaguzi wa mabaraza ya sekta na usheferi, unaotajwa na sheria, haujafanyika huko hata mara moja tangu 2006. Mei 2021 hali ya dharura ya kijeshi ikaweka maofisa wa jeshi na polisi badala ya viongozi wa kiraia wa jimbo na wilaya. Mtu hawezi kusema "nilisimamia sekta hii, tazameni barabara niliyoacha." Rekodi ya utumishi inapokosekana, rekodi za aina nyingine hujaza nafasi: ya fedha, ya kanisa, ya shirika la kiraia, ya bunduki.

Mfano mkali kuliko yote ni wa Ntabo Ntaberi Sheka. Alikuwa mfanyabiashara wa madini Walikale, nchi ya machimbo ya kasiteriti ya Bisie, kabla ya kuunda kundi la Nduma Defence of Congo mwaka 2009. Kuanzia 30 Julai hadi 2 Agosti 2010, wapiganaji wake pamoja na wa FDLR, waasi Wahutu kutoka Rwanda, na wa Kanali Emmanuel Nsengiyumva walishambulia vijiji 13 kwenye njia ya Kibua na Mpofi; wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa. Januari 2011 hati ya kumkamata ikatolewa. Mwaka huohuo akagombea ubunge wa Walikale.

Aliwezaje? Ibara ya 10 ya sheria ya uchaguzi inawazuia waliohukumiwa kwa ubakaji, kwa uchimbaji haramu wa maliasili, kwa rushwa na kwa mauaji, mradi hukumu iwe ya mwisho isiyoweza kukatiwa rufaa. Hati ya kukamatwa si hukumu. Mgombea wa namna hiyo hahitaji kuficha ukamanda wake; huugeuza kuwa sifa, kwamba alibaki msituni na raia wakati jeshi halipo, tena anaijua Bisie kwa undani. Uchaguzi ulifanyika 28 Novemba 2011. Siku ileile Kamati ya Vikwazo ya Umoja wa Mataifa ilimtia kwenye orodha yake. Wapiga kura walimnyima kiti, jambo ambalo simulizi nyingi za Walikale hulipita haraka mno: sheria ilimruhusu, wananchi hawakumchagua. Alijisalimisha kwa MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, Julai 2017, na Novemba 2020 mahakama ya kijeshi mjini Goma ikamhukumu kifungo cha maisha, miaka tisa baada ya jina lake kuwa kwenye karatasi ya kura.

Masisi bunduki ilikuja na chama. Mapatano ya 23 Machi 2009 yaliruhusu CNDP, kundi la waasi lililoanzishwa na Laurent Nkunda, ligeuke chama cha siasa, nacho kikamuunga mkono Rais Joseph Kabila mwaka 2011. Tume ya uchaguzi, CENI, iliitaja Masisi miongoni mwa maeneo saba ambako iliomba matokeo ya ubunge yafutwe kwa sababu ya vurugu na kasoro.

Huko Rubaya, mji wa koltani wilayani Masisi, sifa ya kiuchumi nayo ina pande mbili. Édouard Mwangachuchu, mbunge wa Masisi na kiongozi wa CNDP, alikuwa mwenye kampuni ya SMB iliyomiliki kibali cha machimbo. Robert Seninga, mbunge wa jimbo kutoka Masisi na spika wa Bunge la Jimbo kuanzia 2019, aliongoza ushirika wa wachimbaji wadogo, COOPERAMMA. Madini yaleyale yalimwezesha mmoja aonekane mwekezaji na mwingine mtetezi wa mchimbaji. Oktoba 2023 Mahakama Kuu ya Kijeshi ilimhukumu Mwangachuchu kifo kwa uhaini na kushirikiana na kundi la waasi la M23, mashtaka aliyoyakana.

Njia ya tatu, baada ya bunduki na madini, ni ya watu wa sheria na asasi za kiraia. Juvénal Munubo wa chama cha UNC, aliyechaguliwa mbunge wa Walikale mwaka 2011, alijulikana kwa kazi ya kamati ya ulinzi na usalama. Prince Kihangi alitoka shirika la BEDEWA la Walikale akaingia Bunge la Jimbo baada ya uchaguzi wa 2018. Hawa wana kitu adimu kwa mpiga kura: maneno yao ya zamani kuhusu makundi ya silaha na madini yamehifadhiwa, na mtu akitaka anaweza kuyalinganisha na matendo.

Kuhusu busara, kipimo kilichozungumzwa sana ni cha mwanasiasa wa kitaifa, Vital Kamerhe. Mwaka 2006 alikuwa nguzo ya kampeni ya Kabila. Januari 2009, akiwa spika wa Bunge la Taifa, alisema hadharani kwamba Bunge halikuarifiwa kabla askari wa Rwanda hawajaingia Kivu Kaskazini kwa operesheni Umoja Wetu dhidi ya FDLR. Machi akalazimika kujiuzulu. Alipogombea urais 2011 kwa UNC, tukio hilohilo lilisomwa mara mbili: wafuasi waliona mtu aliyepoteza kiti kwa kusema kweli, wapinzani waliona msaliti wa bwana wake. Kwa Masisi na Walikale halikuwa suala la itikadi, maana operesheni ile iliwaacha raia mikononi mwa FDLR waliokuja kulipiza kisasi.

Kampeni ya 2023 ilisogeza kipimo tena. Rais Félix Tshisekedi aliwaita baadhi ya wapinzani wagombea wa kigeni, na daktari Denis Mukwege, mshindi wa Nobel ya Amani ya 2018 aliyetibu maelfu ya wanawake waliobakwa mashariki, licha ya sifa hiyo alipata chini ya asilimia moja ya kura nchini kote. Tarehe 20 Desemba Walikale ilipiga kura. Masisi, kwa sababu ya vita na M23, haikupiga, wala wilaya jirani ya Rutshuru. Wakazi wengi wa Masisi walikuwa kambini kandokando ya Goma.