Hali ya utatuzi na mipangilio katika programu za wavuti za Python

Hali ya utatuzi ni namna ya kuendesha programu ya wavuti bila kuficha hitilafu. Badala ya ukurasa mkavu wenye namba 500, msanidi huoneshwa faili, mstari na thamani za vigeu vilivyokuwa kazini programu ilipokwama. Katika Python huwashwa kwa neno moja tu. Django, kiunzi kilichozaliwa katika gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2005, huandika DEBUG = True ndani ya faili la settings.py kila mradi mpya unapoanzishwa. Flask, kiunzi kingine, kazi ya Armin Ronacher iliyotoka mwaka 2010, huiacha hali hiyo ikiwa imezimwa mpaka mtu aamuru flask run --debug au aweke kigeu cha mazingira FLASK_DEBUG kuwa 1. Ndani ya tofauti hiyo limo swali zima: je, hali ya utatuzi ni sifa ya programu, au ya mahali programu inapoendeshwa? Hoja ya makala haya ni kwamba ni ya mahali, na kwa hiyo haifai kuandikwa ndani ya msimbo.

Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri zaidi katika Flask. Hali ya utatuzi ikiwashwa, seva ya majaribio hujiwasha upya kila faili linapobadilishwa, na maktaba ya Werkzeug iliyo chini ya Flask hufungua kitatuzi ndani ya kivinjari. Katika ukurasa wa hitilafu mtu anaweza kuandika amri za Python, nazo zikatekelezwa papo hapo kwenye seva. Kwa msanidi aliye mbele ya kompyuta yake hiki ni chombo cha thamani kubwa. Kwa mgeni aliyeko mtandaoni ni udhibiti wa seva nzima. Mwaka 2015 kampuni ya Patreon ilidukuliwa, na yenyewe ikaeleza kuwa wavamizi walipitia toleo la utatuzi la tovuti yake lililokuwa wazi kwa umma.

Ajali za aina hii hutokea hata kwa watu wanaojua kazi yao, na sababu ni nyepesi kuieleza. Msimbo husafiri: faili lile lile hutoka kwenye kompyuta ya msanidi, likapita kwenye hazina ya Git, likafika kwenye seva inayohudumia watu. Thamani inayopaswa kubadilika njiani haiwezi kubadilika ikiwa imegandishwa ndani ya faili hilo. Ndiyo maana kanuni za Twelve-Factor App, zilizoandikwa na watu wa kampuni ya Heroku mwaka 2011, zinataka mipangilio ikae katika vigeu vya mazingira. Maelekezo rasmi ya Flask nayo hayashauri kuwasha utatuzi kwa mstari wa msimbo, kwa kuwa wakati mstari huo unaposomwa baadhi ya viongezi huenda vimekwisha kujipanga. Tahadhari moja hapa: kigeu cha mazingira daima ni maandishi, na kwa Python maandishi yoyote yasiyo matupu ni kweli, hivyo bool("False") hutoa True. Anayeandika DEBUG = bool(os.environ.get("DEBUG")) amejitegea mtego, afadhali alinganishe, kwa mfano os.environ.get("DEBUG") == "1".

Wapo watakaosema kuwa kinga zipo. Werkzeug, tangu toleo la 0.11, huomba namba ya siri kabla ya kufungua kitatuzi, na Django huficha mipangilio ambayo majina yake yana maneno kama SECRET, PASS au TOKEN. Ni kweli, lakini namba ile hukokotolewa kutokana na mambo kama jina la mtumiaji wa mfumo, njia ya faili na kitambulisho cha mashine, na mvamizi aliyepata upenyo wa kusoma mafaili ya seva anaweza kuikokotoa mwenyewe. Django nayo hutambua siri kwa jina tu. Nenosiri lililowekwa katika kigeu chenye jina la kawaida hujianika.

Pingamizi zito zaidi ni la mazoea. Anayezima DEBUG katika Django kwa mara ya kwanza hukuta tovuti inakataa maombi kwa sababu ALLOWED_HOSTS, orodha ya majina ya tovuti yanayoruhusiwa, ni tupu, na mitindo na picha zimetoweka kwa sababu runserver haitoi tena mafaili tuli. Anairudisha True, tovuti inang'aa, na inabaki hivyo. Lawama hapa si zake peke yake, maana kiunzi kimebebesha neno moja kazi tatu zisizohusiana. Hata hivyo tiba ni kujaza ALLOWED_HOSTS na kukabidhi mafaili tuli kwa seva ya Nginx au maktaba ya WhiteNoise. Na anayehofia kupofuka pale seva inapokwama ana moduli ya logging, pamoja na barua pepe ambazo Django huwatumia walioorodheshwa katika ADMINS pindi DEBUG ikiwa False na huduma ya barua imepangwa.

Kabla ya kuifungua tovuti ya Django kwa umma, endesha python manage.py check --deploy kwenye seva yenyewe: DEBUG ikiwa bado imewashwa, onyo litatokea.